Tamarini-simba dhahabu

Tamarini-simba dhahabu (jina la kisayansi: Leontopithecus rosalia) ni kima mdogo wa familia Callitrichidae, ambayo ni familia ya marmoseti na tamarini. Porini anapatikana tu katika misitu ya pwani ya jimbo la Rio de Janeiro, Brazil.

Maelezo

Ana uzito wa gramu 600 hivi. Manyoya yake ni ya rangi ya dhahabu, na yale ya kichwani ni marefu kama ya simba dume. Hula matunda, wadudu na vyura wadogo. Usiku kikundi kizima hulala ndani ya tundu la mti.

Malezi

Kwa kawaida jike mmoja tu wa kikundi huzaa, mara nyingi mapacha. Mama mdogo hivi hawezi kunyonyesha na kubeba wawili peke yake. Kwa hiyo baada ya wiki chache baba huwabeba mgongoni kuliko mama, akisaidiwa na watoto wakubwa, ambao pia huwagawia wadogo zao chakula.

Uhifadhi

Kwa sababu ya ukataji wa misitu, walibaki takriban 200 porini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hifadhi ya Poço das Antas ilianzishwa mwaka 1974, na tangu 1984 wanyama waliozaliwa katika bustani za wanyama walirudishwa msituni. Sensa ya 2023 ilikadiria wapo 4,800. Hata hivyo misitu yao imebaki vipande vipande, na miti hupandwa ili kuviunganisha.