Kabla ya kufika Lamu, tushuke Tana

Mabasi ya Lamu hupita Garsen kila siku, na sisi abiria tumelala. Nami nilikuwa mmoja wao. Kumbe tunauruka mto mrefu kuliko yote nchini, wenye mengi ya kutazamwa.

Kati ya Garsen na Hola upo msitu wa kando ya mto, uliofanywa hifadhi mwaka 1976. Humo wanaishi mbega mwekundu na mangabi wa Tana, kima wawili wasiopatikana popote pengine duniani.

Hola ina historia nzito. Tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa katika kambi ya mkoloni.

Vijiji vya Wapokomo vina mitumbwi ya gogo moja, migomba na miembe. Muziki wa wimbo wetu wa taifa ulitokana na wimbo wao wa kubembeleza mtoto.

Nendeni wakati wa kiangazi, maana mvua zikizidi mto hufurika. Mamba wamo, msiogelee. Na mwenyeji akiwatembeza, mlipeni vizuri: msitu unazidi kukatwa, na anayepata riziki kwa wageni ana sababu ya kuulinda.