Jina Lililotangulia Panga

Katika karne ya 19 Ujiji ilijulikana kwa biashara ya pembe na watumwa. Misafara iliyovuka Ziwa Tanganyika ilituama hapo kabla ya kushika njia ya Tabora na Bagamoyo. Sokoni mtu alitajiwa bei kama pembe. Wala hawezi mtu kutajiwa bei mpaka kwanza avuliwe jina la utu.

Utumwa ulifutwa kwa sheria ya Tanganyika mwaka 1922, lakini mazoea ya kumvua mtu utu kwa neno yalibaki. Katika miaka ya 2007 na 2008 watu wenye ualbino waliandamwa na kuuawa, hasa katika mikoa ya magharibi na ya Ziwa Viktoria, kwa ushirikina kwamba viungo vyao huleta utajiri. Panga lilitanguliwa na jina. Waliitwa zeruzeru, neno ambalo kwa wengi lina harufu ya mzimu; kisha vijiweni wakaitwa "dili", yaani bidhaa yenye faida. Watoto wengi walikimbiziwa shule ya Kabanga, Kasulu, katika mkoa huo huo wa Kigoma, wakalelewa nyuma ya ukuta, mbali na wazazi wao.

Wako wasemao kuwa ulimi hauna mfupa, na mzaha hauui. Ni kweli kwamba si kila mwenye kudhihaki ni mwuaji. Lakini mwuaji alihitaji mnunuzi, na wote wawili walihitaji jirani aliyekwisha zoea kusikia mtu akiitwa mali.

Sarufi yetu ina adabu kuliko vijiwe vyetu. Kipofu, kiziwi na kiwete yana umbo la kiti na kisu. Hata hivyo twasema "kiziwi amefika", hatusemi "kimefika". Upatanisho wa kitenzi humrudishia mtu utu ambao umbo la jina lamnyima. Asemaye "kilema kile kimekuja" ameukataa utu huo kwa kusudi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeanza na neno "watu" katika jina lake, na hapo ndipo pa kuanzia. Ualbino ni urithi wa wazazi wote wawili, ambao wenyewe huweza kuwa hawana dalili yake. Basi amchekaye mwenziwe hajui kilichomo katika damu yake mwenyewe. Wahenga walikwisha sema: hujafa hujaumbika.