Hofu na Shingo

Tarehe 28 Aprili 1803, msichana wa miaka 21 aliyeandikwa kwa jina la Elizabeth S. alikuwa akiteremka mlima kwa kasi kwenye kiti cha magurudumu, akarushwa nje. Hakuumia sana. Lakini aliogopa mno. Tangu hapo moyo ukawa unamwenda mbio na hakutulia tena. Wiki mbili hivi baadaye shingo yake ikaonekana imevimba. Daktari Caleb Hillier Parry wa mji wa Bath, Uingereza, aliandika kisa hicho pamoja na vingine saba. Vilichapishwa mwaka 1825, mwenyewe akiwa ameshafariki.

Ninasomea historia ya tiba, na kinachonivuta hapa ni mfuatano: kwanza hofu, kisha rovu. Robert Graves wa Dublin, ambaye ugonjwa huu ulikuja kuitwa kwa jina lake, alieleza mwaka 1835 habari za wanawake watatu wenye mapigo makali ya moyo na tezi ya shingo iliyovimba. Naye aliyahusisha na histeria. Histeria ilikuwa kapu la kutupia lalamiko lolote la mwanamke lililokosa pa kuwekwa.

Leo tunajua kwamba homoni za tezi hiyo huongoza kasi ya mwili. Zikizidi, moyo hukimbia, mikono hutetemeka, usingizi hupotea na hofu huja bila sababu. Tatizo ni kwamba mtu mwenye wasiwasi mkubwa, tezi yake ikiwa nzima kabisa, anaweza kueleza mambo hayohayo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kilipatikana kipimo. Mgonjwa alifika asubuhi bila kula, akalala kimya, akabanwa pua na kupumua kupitia mpira wa mdomoni huku mashine ikipima oksijeni anayotumia. Tezi ikizidisha kazi, oksijeni nyingi hutumika. Lakini hebu jaribu kutulia ukiwa umebanwa pua! Hofu yenyewe ilipandisha matokeo, kwa hiyo kipimo kilichotakiwa kutenganisha wasiwasi na tezi kilikuwa kinavichanganya upya.

Njia ya kutoka ilianzia katika hospitali ya maveterani huko Bronx, New York. Rosalyn Yalow, mwanafizikia, na daktari Solomon Berson walitumia chembe za mionzi kupima kiasi kidogo mno cha homoni katika damu, wakianza na insulini. Hawakuomba hataza. Yalow alipata Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa amefariki mwaka 1972.

Mbinu yao ilifikia TSH, homoni ambayo tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutuma kuiamuru tezi ya shingo. Tezi ikizidisha, TSH hushuka. Vipimo vya kwanza vilishindwa kutofautisha TSH ya chini na ya kawaida, kwa hiyo wale wa upande wa Elizabeth walisubiri hadi miaka ya 1980.

Hata sasa jibu likirudi sawa, wapo wanaoambiwa "huna kitu", ilhali maabara imezungumzia tezi tu. Na mfuatano wa Parry bado una utata: ugonjwa wa Graves hutokana na kinga ya mwili kuichochea tezi, na watafiti wangali wanabishana kama mshtuko mkubwa unaweza kuianzisha kinga hiyo.