Uzi Mmoja, Sauti Nane

Ngoma ya Burundi kila mtu anaijua. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na sisi wakimbizi tuliotoka Kongo, tukifika Bujumbura, ndiyo kitu cha kwanza tunachoonyeshwa. Inanga haina kelele hizo. Hupigwa na mtu mmoja aliyekaa, mara nyingi usiku, ndani ya nyumba. Nataka kuieleza historia yake, na kueleza siku mimi mwenyewe nilipoiharibu.

Inanga ni ubao mrefu uliochongwa katikati kama sinia yenye kina. Kila ncha ina meno. Uzi ni mmoja tu: unapitishwa jino hadi jino, unaenda na kurudi, mpaka unapata nyuzi saba au nane za kupiga. Zamani uzi ulitoka kwenye mwili wa ng'ombe. Siku hizi wengi wanafunga nailoni. Tena siyo kitu cha Warundi peke yao. Wanyarwanda wanayo, Wahaya wa Bukoba na Bakiga wa Uganda wanaiita enanga, na kwetu Kivu Bashi wanaiita lulanga. Mipaka imechorwa juu, ubao ukabaki uleule.

Burundi wana namna yao moja ya ajabu: mpigaji haimbi, ananong'ona. Michel Vuylsteke aliirekodi mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya ufalme kufutwa, na santuri ya Ocora ikaipeleka Ulaya. Wasikilizaji wa huko walishangaa: mtu ananong'ona, lakini sikio linasikia kama anaimba.

Sababu yake iko kwenye lugha. Kirundi kinapanda na kushuka. Neno "inda" likitamkwa hivi ni tumbo, likitamkwa vile ni chawa. Kiswahili hakina mambo hayo. Sasa, mnong'ono hauna kupanda wala kushuka, ni pumzi tu. Nyuzi ndizo zinazobeba sauti ya wimbo, na sikio linaunganisha pumzi na uzi. Kwa hiyo nyuzi zikikosea, siyo muziki tu unaoharibika. Maneno yenyewe yanapotea.

Mimi hilo sikulijua. Tulikuwa tunaandaa jioni ya vijana ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, na mzee mmoja jirani yetu hapa Buyenzi alikubali kuja kupiga. Inanga yake ilikuwa imekaa miaka juu ya kabati. Nikasema nitaitengeneza. Nikanunua nailoni ya wavuvi, nikaifunga asubuhi ileile, nikachukua simu yenye programu ya kupimia gitaa, nikavuta kila uzi mpaka taa ya kijani ikawaka. Nikajiona fundi.

Jioni mzee alianza kunong'ona. Mama mmoja Mrundi akainama mbele, akainama tena, halafu akamuuliza jirani yake, "Anasema nini?" Hata Banyamulenge, ambao lugha yao iko karibu sana na Kirundi, walikuwa wanaangaliana. Watoto wakacheka. Mzee akaweka mkono juu ya nyuzi, akanyamaza.

Kesho yake nilienda kuomba msamaha. Hakunigombeza. Aliniketisha, akasema, "Kijana, unavuta moja, unasahau wenzake."

Makosa yangu yalikuwa matatu. La kwanza, nailoni mpya inanyooka. Inabidi kuifunga, kuivuta, kuiacha ilale siku kadhaa, na kuivuta tena. La pili, uzi ni mmoja, na kinachozuia kipande kimoja kisimpokonye mwenzake ni msuguano kwenye jino. Meno ya inanga ile yalikuwa yamelainika kwa miaka mingi, kwa hiyo nikikaza huku, kule kunalegea. Tulikata vipande vidogo vya mpira wa tairi la baiskeli, tukavitia kwenye meno, uzi ukashika. Tulianzia pale ulipofungwa, tukasogea kipande kwa kipande, tukarudi mwanzo, mara nne au tano.

La tatu ndilo kubwa. Simu inapima kwa sauti za piano. Inanga ina sauti zake tano, na nyuzi zilizobaki zinarudia hizo juu au chini. Mzee hakupima kwa kitu chochote. Alinong'ona mstari mmoja, akagusa uzi, akanong'ona tena, mpaka uzi ukasema alivyosema yeye. Mke wake alikuwa anachambua mchele uani. Ghafla akaitikia kutoka kule, akamjibu. Mzee akatabasamu, akasema, "Sasa imekaa."

Wiki mbili baadaye alipiga tena, bila jukwaa, sebuleni kwake, watu kumi na wawili. Hakuna aliyeuliza anasema nini.

Ninyi mlioko Bwagiriza, Musasa, Kinama na Kavumu: kama kuna mzee kambini anayejua inanga au lulanga, msimpelekee simu. Mpelekeeni uzi, kaeni naye siku tatu. Na wafanyakazi wa mashirika, mnapopanga sherehe, msimwite saa moja kabla ya wageni kufika. Uzi unahitaji kulala.