Seli shina za jino

Majina matatu yanagombea nafasi moja katika Kiswahili cha biolojia: seli mama, seli msingi na seli shina. Yote yanakusudia seli ambayo haijawa mfupa, wala neva, wala dentini, lakini inaweza kuzaa hizo na papo hapo ikazaa nyingine iliyo sawa na yenyewe. Mimi nashika la tatu, na jino litanisaidia kueleza kwa nini.

Jina la seli mama limeshachukuliwa. Mwanafunzi hufundishwa kwamba seli ikigawanyika, ile ya kwanza ni mama na zinazotokana nayo ni binti, kwa hiyo hata seli ya kawaida ya ngozi ni mama siku inapogawanyika. Seli msingi nayo ina kasoro: msingi hubeba nyumba, hauzai chumba. Shina linazaa. Mjerumani Ernst Haeckel, aliyebuni neno Stammzelle mwaka 1868, alikusudia kiumbe cha seli moja ambacho viumbe vingine vyote vimetokana nacho. Na Stamm kwa lugha yake ni shina la mti, tena ni ukoo.

Msomaji wa Kwale, pwani ya Kenya, analijua shina kwa macho. Pita mashamba ya Msambweni baada ya mvua, utazame mkorosho uliokatwa ukaachwa kisiki: kwenye gamba lake yametokeza machipukizi yenye majani laini, mekundu-mekundu. Mnazi ulio pembeni yake hauna bahati hiyo. Uwezo wake wote wa kurefuka umekaa kileleni, na ukikatwa kichwa umekufa. Jino la binadamu lina hali zote mbili.

Enameli, ganda la nje la jino, ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini seli zinazoitengeneza hufa jino linapotokeza kwenye ufizi. Ndiyo maana tundu la jino halijizibi, hata liwe dogo namna gani. Ndani kabisa, chini ya dentini, hali ni tofauti. Humo mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ile inayomkosesha mtu usingizi jino likioza. Mwaka 2000 Stan Gronthos, Songtao Shi na wenzao huko Marekani walionyesha kwamba nyama hiyo ina seli shina zinazoweza kutengeneza dentini. Mwaka 2003 Shi na wenzake wakazikuta pia katika meno ya utoto yaliyong'oka yenyewe. Wazo lilimjia alipolitazama jino la binti yake wa miaka 6. Seli zenyewe zilikuwa chache mno, kati ya 12 na 20 kwa jino moja. Jino ambalo watoto wetu hulitupa juu ya paa huenda bado lina kitu kilicho hai ndani yake.

Wanyama wa pwani hii wametuzidi. Papa anayeshushwa Shimoni hubadilisha meno maisha yake yote, safu baada ya safu, kwa kuwa utando unaozaa meno haufi ndani ya taya lake. Tembo wa Milima ya Shimba hupata magego mara sita, na seti ya mwisho ikilika, uzee umefika na kutafuna kunamshinda. Pembe yake, ambayo kwa hakika ni jino la mbele, haiachi kukua, maana mzizi wake haufungi. Sisi tunapewa meno 20 ya utoto, kisha 32, basi. Huko Japani, mwaka 2024, Katsu Takahashi na wenzake walianza kujaribu kwa watu dawa inayozuia protini iitwayo USAG-1, ambayo kazi yake ni kuyanyamazisha machipukizi ya meno. Hatua hiyo ya kwanza ilipangwa kupima usalama tu, kwa wanaume wa miaka 30 hadi 64 waliopungukiwa na gego. Anayetangaza leo kwamba anaotesha meno mapya anakuuzia uongo.

Nimesema machipukizi, na hapo istilahi ya shina inanilipa, kwa kuwa jino nalo huanza kama chipukizi. Mimba ikiwa na wiki 6 hivi, ngozi ya ndani ya mdomo wa kiinitete hunenepa na kuzama chini, ikakutana na tishu iliyo chini yake. Tabaka la juu litatoa enameli, la chini litatoa dentini na ile nyama ya ndani. Mtoto huzaliwa machipukizi hayo yamekwisha kujipanga ndani ya taya. Akifikisha miezi 5 au 6, chonge za utoto zinaweza kuonekana kama vivimbe vyeupe chini ya ufizi, ingawa zenyewe hazitokezi mpaka kati ya miezi 16 na 23 hivi.

Vivimbe hivyo ndivyo vinavyoitwa meno ya plastiki. Mtoto anaharisha, homa inapanda, na mtu anakuja na msumari au kisu, anauchimba ufizi na kutoa kitu cheupe, laini, chenye damu, anamwonyesha mama: huyu ndiye mdudu. Si mdudu. Ni chonge ambayo haijakomaa, na mara nyingi chipukizi la chonge ya ukubwani lililo nyuma yake huumizwa pamoja nayo. Mdenmarki Jens Pindborg aliandika kuhusu jambo hili nchini Uganda mwaka 1969. Limeripotiwa pia Kenya na Tanzania, na Kwale inapakana na Tanzania pale Lunga Lunga. Watoto wamekufa kwa kupoteza damu na kwa vidonda vilivyooza.

Nawaomba wauguzi wa kliniki za watoto, kuanzia Diani hadi Vanga, wamwonyeshe kila mama vivimbe hivyo kabla jirani hajamwonyesha, na wavitaje kwa jina lake: chipukizi la jino. Na wewe mzazi, mtoto akiharisha mpe maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, mpeleke zahanati siku hiyohiyo, na ufizi wake usiguswe.