Kichaa cha mbwa: hesabu za Ngorongoro, funzo la Pemba na hukumu ya sheria

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake.

Tunaulizwa mara kwa mara kuhusu mbwa: kumgusa, kumfuga, kumpeleka kwenye chanjo, na la kufanya mtoto anapong'atwa. Majibu ya fiqhi yamo vitabuni. Lakini mwenye kutoa hukumu anatakiwa kwanza alijue jambo lenyewe lilivyo, na katika suala hili ujuzi mwingi umetoka hapa hapa Tanzania.

Ugonjwa wenyewe

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyoingia mwilini kwa mate ya mnyama mgonjwa, aghalabu kwa kung'atwa. Virusi hupanda taratibu kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Muda huo wa safari, ambao kwa kawaida ni wiki kadhaa au miezi, ndio nafasi ya kumuokoa mgonjwa kwa chanjo. Dalili zikishaanza, kama kuogopa maji, kuweweseka na kushindwa kumeza, karibu kila mgonjwa hufa. Duniani hufariki watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto chini ya miaka 15.

Hesabu iliyoanzia kwa wagonjwa

Msafiri anayetoka Arusha hupita mji wa Karatu, kisha hupanda kwenye lango la Ngorongoro. Mbele yake ni nchi ya wafugaji, ambako mbwa hulinda mifugo na maboma. Katika Wilaya ya Ngorongoro, na ya Serengeti iliyo jirani, watafiti walifanya kazi ambayo leo inategemewa na dunia nzima.

Mwaka 2002 Sarah Cleaveland na wenzake walitoa hesabu ya vifo vya kichaa cha mbwa Tanzania. Hawakuanza na vifo, kwa sababu wengi hufia nyumbani bila kuandikwa popote. Walianza na majeraha ya kung'atwa, kisha wakauliza hatua kwa hatua: katika mbwa wanaong'ata, wangapi huwa na kichaa? Jeraha liko kichwani, mkononi au mguuni, maana hatari yake si moja? Aliyeng'atwa alipata chanjo? Kila jibu lilizidishwa na jingine. Matokeo yakaonyesha kuwa vifo huenda vilikuwa mara 100 ya vile vilivyoripotiwa rasmi.

Kisha Katie Hampson na wenzake, kwa taarifa za miaka ya 2002 hadi 2006, walifuata mnyororo wa maambukizi wenyewe. Walichukua kumbukumbu za hospitali za watu waliong'atwa, wakaenda majumbani mwao, wakauliza: mbwa yule ni wa nani? Alitoka wapi? Alimng'ata nani mwingine? Nyumba moja iliwapeleka kwenye nyingine. Walichochapisha mwaka 2009 ni haya: mbwa aliyeambukizwa hukaa wastani wa wiki 3 kabla ya kuugua, huwa mgonjwa kwa siku 3 hivi, na kwa wastani huambukiza mbwa zaidi kidogo ya mmoja tu.

Hili la mwisho ndilo kubwa. Chukua mfano mwepesi: mbwa 10 wenye kichaa wanaambukiza 12, na hao 12 wanaambukiza 14. Ugonjwa unakua. Sasa chanja mbwa 3 katika kila 10. Wale 10 wataambukiza 8 tu, kisha 7, kisha 6, mpaka ugonjwa uzimike. Kwa nini basi wataalamu wanataka mbwa 7 katika kila 10? Kwa sababu ndani ya mwaka mbwa waliochanjwa hufa na watoto wa mbwa huzaliwa bila kinga. Ukianza na 7, kinga haishuki chini ya kiwango kinachohitajika kabla ya kampeni ya mwaka unaofuata.

Jambo jingine: Ngorongoro ina mbwa wachache kwa eneo kuliko Serengeti, lakini kasi ya maambukizi ilikaribiana. Kwa hiyo kupunguza mbwa kwa kuwaua hakutoshi kuuzima ugonjwa, na huenda wakauawa hata wale waliokwisha kuchanjwa.

Pemba

Njia hiyo ya kufuata nyumba kwa nyumba ikaletwa kisiwani kwetu. Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake walifuatilia Pemba kuanzia 2010 hadi 2020, wakaongeza uchunguzi wa jeni za virusi. Waliona minyororo 5 ya maambukizi kwa pamoja. Chanjo ya mbwa ilipofanywa kisiwa kizima kila mwaka, yote ilikatika kufikia Mei 2014. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa uliingia tena mara mbili, ukaenea, na haukwisha mpaka Oktoba 2018, baada ya chanjo kurudishwa kisiwa kizima.

Hesabu yao inasema chanjo ya aliyeng'atwa humuokoa mtu, lakini haikati mnyororo. Unaokata mnyororo ni mkono unaomshika mbwa achanjwe. Yote mawili yakifanywa pamoja, zaidi ya familia 30 kila mwaka huepushwa Pemba na balaa la kung'atwa na mbwa mwenye kichaa.

Hukumu ya sheria

*Kumfuga mbwa.* Hadithi sahihi zimeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Mwenye mbwa wa namna hiyo ana jukumu juu yake. Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kudhuriana, na mbwa asiyechanjwa ni dhara kwa jirani.

*Kumshika ili achanjwe.* Katika madhehebu ya Imam Shafi mbwa ni najisi, lakini kavu kwa kavu hakunajisi. Penye maji au mate, osha mara 7, moja yake kwa udongo. Kunajisika kwa haja si dhambi, kwa hiyo najisi si udhuru wa kuacha chanjo. Na yule aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu alisamehewa, kama ilivyothibiti kwa Bukhari na Muslim.

*Kuwaua.* Mbwa mkali mwenye kudhuru ametajwa katika Hadithi miongoni mwa wanyama wanaouliwa hata na aliye katika ihramu. Ruhusa hiyo haiwafiki mbwa wazima. Ukimshuku mbwa, mwite afisa wa mifugo.

*Aliyeng'atwa.* Osha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo. Usitie udongo kwenye jeraha bichi: kuhifadhi nafsi kunatangulia, na lenye kumdhuru mgonjwa halimlazimu. Maliza dozi zote kwa siku ulizopangiwa. Dua na kisomo ni kheri, lakini viende pamoja na chanjo, visishike nafasi yake. Mtume (S.A.W.) ameamrisha kujitibu.

*Aliyefunga.* Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jedda mwaka 1997, lilikubali kuwa sindano isiyo ya lishe haifunguzi. Usingoje magharibi.

Nasaha kwa wazazi na walimu wa chuo

Tunawafundisha watoto kuwa mbwa ni najisi, na ni haki. Tuwafundishe pia kuwa aking'atwa au kukwaruzwa aseme mara moja, na asigombwe. Mtoto anayeogopa fimbo huficha jeraha, na jeraha lililofichwa linaweza kumuua baada ya miezi, sote tukiwa tumeshasahau.

Na tangazo la chanjo ya mbwa likisomwa msikitini, tusilione ni la wengine. Pemba ilitulia, ikalegea, ikarudiwa. Mwenye mbwa ampeleke, na asiye naye amkumbushe jirani.

Wallahu a'lam.