Choo cha shimo cha zamani: jinsi ya kukigeuza kuwa choo bora

Leo siasa tuziweke pembeni, tuongee choo. Usicheke.

Nyumbani kwetu Nambis, wilayani Mbulu, tulikuwa na choo alichochimba babu. Sakafu yake magogo, juu udongo. Siku moja gogo likavunjika, mguu wa babu ukazama hadi gotini. Kaponea chupuchupu. Hapo ndipo nikaanza kuwasumbua mafundi na bwana afya.

Kuchimba choo si jambo geni kwetu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifikia watu kama milioni 2 kwa redio na vikundi vya kujisomea. Mwaka 2017 ikaja Nyumba ni Choo, ikisisitiza choo bora: sakafu inaoshika, nzi hawaingii, kinyesi hakimgusi mtu.

1. SHIMO. Kagua kingo. Zikiwa imara, badilisha sakafu tu. Zikimomonyoka, chimba jipya, angalau mita 30 kutoka kisimani na upande wa chini wa mteremko. Kamwe usiingie shimo la zamani, hewa yake inaua.

2. SAKAFU. Achana na magogo, mchwa watakuumbua. Mimina zege: saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 3. Unene sentimita 8, nondo za milimita 8 kila baada ya sentimita 15. Mwagilia siku 7 kabla ya kuikanyaga. Tundu lisizidi upana wa sentimita 18, mtoto asitumbukie.

3. HARUFU NA NZI. Hapa wengi tunachemsha. Njia ni mbili, chagua MOJA.

Ya kwanza ni choo cha bomba la hewa, maarufu kama VIP, kilichobuniwa miaka ya 1970 katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Upepo ukipita juu ya bomba unavuta hewa ya shimoni, na hewa safi inashuka kupitia tundu. Ndani kuwe na giza. Nzi wa shimoni watafuata mwanga wa bomba, wakutane na wavu, wafie humo. Bomba lipite paa kwa nusu mita.

Ya pili ni sahani ya plastiki yenye kifuniko kinachojifunga chenyewe, kama SATO iliyoanzia Bangladesh. Inaziba tundu, na kumwagia maji haizidi lita 1.

Sisi tulichanganya mambo: tukaweka bomba, halafu tukaziba tundu kwa mbao. Hewa ikakosa pa kuingilia, harufu ikabaki palepale. Tulipoondoa mbao, ndani ya siku chache tofauti ikaonekana. Sahani tuliiacha kwa sababu kiangazi mama anafuata maji mbali.

4. LIKIJAA. Ikibaki nusu mita, hamisha sakafu kwenye shimo jipya, fukia la zamani kwa udongo, liache miaka 2 kabla ya kuchimbua mbolea. Plastiki na taulo za kike zisitupwe humo, zinajaza shimo haraka.

5. MIKONO. Kibuyu chirizi na sabuni mlangoni. Bila hivyo umejenga nusu choo.

Babu sasa anaingia bila kushika ukuta. Kwenu mnatumia kipi, bomba au sahani? Dondosha maoni hapo chini. Nawasilisha.